Maswali Yenu: Kuzungumza kwa Simu Garini Bila Kuishika

Katika toleo hili tunajibu barua zinazohusu vifaa vya Bluetooth vinavyomwezesha dereva kuzungumza kwa simu bila kuishika. Nyingi zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, na kwa kuwa kadhaa zinauliza jambo lile lile, tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa pia wale ambao barua zao hazikupata nafasi.

SWALI: Nilinunua mjini Nakuru kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ambacho huunganishwa na simu kisha sauti ikatokea kwenye redio ya gari. Nikiondoka nyumbani Njoro sauti huwa safi, lakini nikikaribia mjini huanza kukwaruza, na mara nyingine muziki wa kituo cha redio humfunika kabisa mtu ninayezungumza naye. Isitoshe, wanaonipigia hulalamika kwamba wanasikia sauti zao wenyewe zikiwarudia. Gari langu lilitoka Japani. Je, nikirudishe dukani? — *Mwalimu, Njoro*

JIBU: Usikirudishe kwanza, Mwalimu, kwa maana dalili unazozieleza ni za kifaa kizima kilichopangwa vibaya. Sauti ya anayekupigia husafiri mara mbili ndani ya gari lako: hutoka kwenye simu ikaingia kwenye kifaa kwa njia ya Bluetooth, kisha hutoka kwenye kifaa ikaingia kwenye redio kwa mawimbi ya FM. Safari ya kwanza ni nadra kuleta shida, kwa sababu Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine hata mara 1,600 kwa sekunde, hivyo si rahisi kitu kingine kuiziba. Taabu iko kwenye safari ya pili. Kifaa chako ni kituo cha redio chenye nguvu ya kufika mita chache tu, na ukikiweka kwenye masafa ya kituo halisi, au yaliyo jirani nayo, redio itamsikiliza mwenye nguvu zaidi. Ukiwa Njoro kituo hicho kinakufikia kikiwa dhaifu na kifaa chako kinakishinda. Kadiri unavyousogelea mnara wake, mambo hugeuka.

Kinachotatiza zaidi kwa wenye magari ya Japani ni kwamba redio nyingi za huko, hasa za zamani, zimetengenezwa kupokea masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya Kenya hutangaza kati ya 87.5 na 108, na vifaa vya aina yako hurusha katika masafa hayo hayo ya kwetu. Kama redio yako ni ya aina hiyo na haijawekewa ekspanda, yaani chombo cha kushusha masafa ya vituo vya kwetu hadi yale ambayo redio ya Japani inaweza kupokea, basi nafasi yako ni ile nyembamba tu iliyo kati ya 87.5 na 90. Kama fundi aliweka ekspanda kati ya antena na redio, itakubidi ufanye hesabu kidogo, kwa kuwa chombo hicho hupunguza kila masafa kwa kiasi kilekile. Tuseme kinapunguza 20: ukiweka kifaa kwenye 100.5, utatafuta sauti yako kwenye 80.5 ya redio. Watu wengi hulinganisha namba za kifaa na za redio, wakikosa kuzipata sawa hudhani wameuziwa kitu kibovu.

Siku ambayo huna haraka, endesha kutoka Njoro hadi katikati ya mji kifaa kikiwa kimezimwa, na pembeni umpakie mtu mwingine wa kuzungusha redio polepole na kuandika mahali panaposikika mvumo mtupu bila sauti ya kituo njia nzima. Hapo ndipo pa kuweka kifaa chako. Kupata mahali patupu ukiwa umeegesha nyumbani hakutoshi, kama ulivyojionea.

Kuhusu sauti inayowarudia wanaokupigia, hiyo hutokea pale spika za milangoni zinapotoa sauti kubwa hadi ikaingia tena kwenye maikrofoni ya kifaa na kurudi kwa mwenyewe ikiwa imechelewa kidogo. Pandisha sauti ya simu na ya kifaa hadi karibu robo tatu, halafu ushushe sauti ya redio mpaka umsikie mwenzako vizuri pasipo kutikisa milango. Mpango huo hupunguza pia ule mkwaruzo, kwa sababu redio haitalazimika kukuza sauti hafifu pamoja na kelele zake.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa samaki, na siku nyingi niko njiani kati ya Kisumu, Luanda na Busia. Nina simu mbili, moja ya wateja na nyingine ya nyumbani. Redio ya gari ina Bluetooth, na muziki husikika vizuri sana, lakini nikipigiwa simu mwenzangu husikika kana kwamba yuko ndani ya pipa, naye husema hanisikii. Fundi ananishauri niitoe redio hii aniwekee ile ya skrini kubwa. Nikubali, au ninunue kile cha kubana juu ya dereva? — *Mama samaki, Kisumu*

JIBU: Mama, kabla ya kumlipa fundi, elewa kwanza kwa nini muziki na simu havifanani ingawa vyote vinapita kwenye Bluetooth ileile. Muziki husafiri upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kwenda kwenye spika, kwa hivyo njia nzima huachiwa wenyewe. Mazungumzo ni lazima yaende na kurudi kwa wakati mmoja, na kwa hiyo hutumia mpango mwingine ambao, katika vifaa vya zamani, huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 tu kwa sekunde, ilhali muziki wa CD huwa na sampuli 44,100. Vifaa vipya zaidi hupandisha sampuli za mazungumzo hadi 16,000, na tofauti husikika mara moja, mradi simu yako nayo iukubali mpango huo. Hilo la pipa ni la kawaida, basi, na skrini kubwa peke yake haitaliondoa.

Lalamiko la pili, kwamba wewe husikiki, ndilo ninalolipa uzito. Wanunuzi wengi huchagua kifaa kwa ukubwa wa sauti wanayoisikia wao dukani, ilhali sehemu inayotenganisha kifaa kizuri na kibaya ni maikrofoni, ambayo mnunuzi mwenyewe hana namna ya kuisikia. Redio nyingi za skrini huja na maikrofoni ndogo yenye waya wake, ukubwa wa punje ya maharagwe, ambayo inapaswa kupitishwa kando ya dirisha hadi kwenye nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele, karibu na mdomo wa dereva. Fundi mwenye haraka huiacha waya ikiwa imekunjwa nyuma ya dashibodi, mahali ambapo kinachosikika ni feni na mtetemo wa injini. Inawezekana kabisa redio uliyonayo sasa ilifungwa hivyo. Mwombe fundi afungue na kuangalia kabla hujanunua chochote. Kazi hiyo ni ndogo kuliko ya kubadilisha redio nzima. Akiihamisha, asiiweke mbele ya matundu ya hewa, maana upepo ukipiga maikrofoni moja kwa moja hakuna neno litakalopita.

Ikiwa redio yako ina maikrofoni iliyofichwa ndani ya uso wake wenyewe, na wewe una desturi ya kuketi mbali na dashibodi, basi kile cha kubana kwenye kibao cha kukinga jua kitakufaa zaidi. Kina spika, maikrofoni na betri yake, hakihitaji fundi wala redio, kinaweza kuhamishiwa gari jingine, na kinakaa sentimita chache tu kutoka mdomoni. Ubaya wake ni kwamba spika yake ni ndogo, na katika joto la Kisumu, madirisha yakiwa wazi na lori likikupita, hutasikia kitu. Pia ukikiacha juani kutwa nzima gari likiwa limeegeshwa, betri yake itachoka mapema. Kivue ukiweke ndani ya sanduku la dashibodi.

Kwa vile una simu mbili, mwulize muuzaji kama kifaa kinaweza kushikilia simu mbili kwa pamoja, kwani vingine hukumbuka simu nyingi lakini huunganisha moja tu kwa wakati. Ungekuwa na laini mbili ndani ya simu moja, swali hili lisingekuhusu, kwa kuwa kifaa huiona simu na si laini. Na jaribio la kufanya kabla ya kutoa pesa ni hili: keti ndani ya gari nje ya duka, washa injini na feni, shusha kioo nusu, mpigie mtu wa nyumbani asiyejua unachojaribu, kisha mweleze bei za samaki wa leo na umwombe azirudie. Akikosea bei mbili tatu, mrudishie muuzaji kifaa chake.

SWALI: Naendesha teksi. Nikifika nyumbani jioni na kuegesha uani, simu ya mke wangu iliyo sebuleni hujiunganisha na gari, na mazungumzo yake na dada zake husikika kwenye spika mbele ya abiria au jirani. Imeleta maneno nyumbani. Nifanyeje? — *Dereva wa teksi, Kakamega*

JIBU: Pole, ndugu dereva. Inaonekana siku moja mkeo aliunganisha simu yake ndani ya gari, na tangu hapo gari huikumbuka. Umbali wa mita kumi hivi, hata kukiwa na ukuta mmoja, unatosha kuwakutanisha. Fungua orodha ya simu zilizohifadhiwa kwenye redio uifute ya kwake, na kwenye simu yake ulifute jina la gari pia, kwa maana ukifuta upande mmoja tu huenda upande wa pili ukaendelea kuomba kuungana. Kama atapenda kulitumia gari siku nyingine, redio nyingi huruhusu kuchagua simu itakayotangulizwa.

Hapo hapo nikuongezee jambo ambalo hukuliuliza. Redio nyingi zikiunganishwa na simu hunakili majina na namba zote pamoja na orodha ya simu zilizopigwa, na hubaki nazo. Gari likikodishwa kwa mtu mwingine au likiuzwa, mwenye kuliketia ataziona. Zifute kabla ya kukabidhi ufunguo, na uwakatalie kwa adabu abiria wanaotaka kuunganisha simu zao ili wasikilize nyimbo.

SWALI: Mimi husambaza dawa za mifugo kutoka Nakuru hadi Kisumu, na wateja hunipigia njia nzima. Nilipofunga kifaa cha Bluetooth niliona nimemaliza shida ya polisi na ya usalama kwa pamoja. Mke wangu anashikilia kwamba hatari ni ileile, niwe nimeishika simu au sijaishika. Nani kati yetu anasema kweli? — *Msambazaji, Nakuru*

JIBU: Mkeo yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ingawa sitakuambia ukitupe kifaa chako.

Tuanze na polisi, kwa kuwa ni fupi. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinamtaja dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa katika mwendo, na faini yake ni shilingi 2,000. Askari wa trafiki akikukuta umeiweka sikioni, au umeiinamia mapajani ukitafuta jina la mteja, hutakuwa na la kujitetea, hata kama kifaa cha bei ghali kimening'inia juu ya kichwa chako.

Upande wa usalama una maelezo marefu zaidi. Mwaka 1997, watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walipolinganisha kumbukumbu za simu zao na saa za ajali, waliona kwamba hatari ya kugongana huwa takriban mara nne wakati dereva anatumia simu, na hawakuona kuwa wale waliotumia simu zisizoshikwa walikuwa salama zaidi. Uchunguzi mwingine wa Perth, Australia, uliochapishwa mwaka 2005, ulipata hesabu hiyohiyo ya mara nne, na pia haukuona tofauti kati ya kushika na kutoshika. Kwa hiyo mikono ni sehemu ndogo ya shida. Mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoichukua akili, na macho yaliyoelekezwa barabarani yanaweza kukiangalia kitu yasikione.

Huenda ukauliza kwa nini basi kuzungumza na abiria hakuleti hatari kiasi hicho. Abiria anaiona barabara unayoiona wewe. Trela likitokea mbele yenu kwenye mteremko wa kuelekea Salgaa hunyamaza mwenyewe, na huenda akapiga kelele kabla yako. Mteja aliye Ahero haoni trela. Anataka kujua kama ile dawa ya kupe imefika na kwa nini bei imepanda, na ukinyamaza ataita, “Halo? Halo? Uko?” mpaka umjibu. Ukiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kwa sekunde. Sekunde tatu za kujaribu kukumbuka deni la mtu ni zaidi ya mita 65, na katika sehemu ile ya kupanda na kushuka kati ya Salgaa na Mau Summit, ambako malori mazito hushuka yakiwa yamechemsha breki, mita 65 ni nyingi mno.

Faida ya kifaa chako, na ni faida ya kweli, ni kwamba simu inapolia hupapasi mfukoni wala hutazami chini. Unabonyeza kitufe kimoja na kusema, “Niko njiani, nitakupigia nikifika Kericho,” kisha unakata. Ukikitumia hivyo, kimekulipa gharama yake. Ukikitumia kuendesha biashara kutoka Nakuru hadi Kisumu, unaendesha magari mawili kwa wakati mmoja. Simu nyingi za kisasa pia zina mpango wa kumjibu mpigaji kwa ujumbe mfupi kwamba unaendesha. Uwashe, na wateja watazoea ndani ya muda mfupi kuliko unavyodhani, kwa sababu wanachotaka hasa ni kujua kwamba watapigiwa. Mambo ya bei, madeni na malipo yaachie kituo cha mafuta, gari likiwa limeegeshwa ndani ya uwanja wake. Usisimame ukingoni mwa barabara kuu, na hasa si mlimani wakati wa ukungu. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, pesa haziendi popote, utausoma ukifika.

Nina neno pia kwa wanaopiga. Mke, bosi au mteja anayemjua mtu wake kuwa yuko barabarani na bado akampigia mara tano mfululizo naye anashika usukani kwa namna yake. Mwonyeshe mkeo aya hii, kwa kuwa barua yako inasema wanaokupigia ni wateja, lakini sidhani ni wao tu.

SWALI: Nina lori, na ninataka kuchomeka kifaa cha Bluetooth kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Kwenye gari dogo la ndugu yangu kiliunguza fyuzi mara mbili, na asubuhi moja betri ilikuwa imeisha. Je, lori litapatwa na hayo? — *Mwenye lori, Bungoma*

JIBU: Soma kwanza maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa kifaa. Umeme wa gari dogo ni volti 12, na wa malori mengi ni volti 24. Kifaa kilichoandikwa 12 peke yake kitaungua siku ya kwanza, kwa hiyo tafuta kilichoandikwa 12–24.

Fyuzi ya ndugu yako haikuunguzwa na matumizi ya kawaida ya kifaa, kwa sababu kinakula umeme mdogo sana ukilinganisha na kile kiberiti ambacho tundu lilitengenezewa. Achunguze kama kuna sarafu au kipande cha karatasi ya fedha ya sigara kilichodondokea ndani ya tundu, na kama ncha ya kifaa imelegea. Aweke fyuzi ya kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Akimkuta fundi anayetaka kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ili “isiungue tena,” aondoke na gari lake, kwa sababu kitakachoungua safari ijayo ni nyaya zilizo nyuma ya dashibodi.

Kuhusu betri, baadhi ya magari huacha tundu likiwa na umeme hata ufunguo ukitolewa. Zima injini, toa ufunguo, ngoja dakika kadhaa, kisha tazama kama taa ndogo ya kifaa bado inawaka. Ikiwa inawaka, kichomoe kila unapolaza lori.